Maji ya Pili

Mganga wa Kichina aliandika kwa kalamu nyekundu juu ya pakiti: mizizi hii miwili, mchungu na mtamu, ichemshwe mara mbili, kisha maji ya kwanza na ya pili yachanganywe. Daktari wa hospitali naye aliridhia, maana misuli ya miguu ya Haroub ilimkaza kila alipotoka kusafishwa damu.

Wiki nzima Salme, mke mkubwa, alichemsha ya kwanza. Rahima, mke mdogo, alichemsha ya pili.

Siku ya nane Rahima akanyoosha mkono. "Bi mkubwa, lete bakuli nichanganye."

"Makapi niliyokwisha kuyakamua mimi, wewe utapata nini humo?" Salme akacheka. "Hayo yako kaoshee sufuria."

Akampelekea mumewe maji yake peke yake, meusi, mazito. Haroub akanywa, akakunja uso.

"Leo chungu, Salme. Ule utamu wa siku zote uko wapi?"

Salme akachungulia bakuli. Kumbe utamu haukuwa wake.

Mara mguu ukakaza, vidole vikajipinda, mzee akauma shuka. Rahima akaingia bila kuitwa, akapiga magoti, akaushika wayo na kuusukuma taratibu.

"Shika goti, bi mkubwa. Peke yangu siwezi."

Salme akalishika kwa mikono miwili. Haroub, macho ameyafumba, akanyoosha mkono hewani, akitafuta mkono wa kushika.