Mtama wa Nyamizi

Tangu kilimo kipigwe marufuku, watu wa bonde lile waliishi kwa kuchuma matunda, kuchimba mizizi na kuhama kila mwezi. Droni za serikali zilipita juu kukagua ardhi. Nyamizi alikuwa na miaka arobaini na alikuwa hajawahi kumwona mtu akifukia mbegu.

Mama yake alipovunjika nyonga, kundi lao lilisubiri siku sita, kisha likaondoka. Nyamizi alibaki naye. Matunda ya karibu yalipokwisha, alichukua mbegu za mtama wa mwituni, akazitawanya katikati ya majani ili droni zisiuone mtama ukiota, na kuzifunika udongo.

"Wakikukamata je, mwanangu?" mama aliuliza.

"Utakuwa umeshiba, mama."

Mama hakuuonja. Alifariki mtama ukiwa umefika magotini, na Nyamizi akamzika kando ya mtama huo.

Kundi liliporudi, mdogo wake Kalunde alimkumbatia, wakalia pamoja.

"Sasa hakuna cha kukuzuia, dada. Kesho twende."

"Siwezi. Mtama haujakomaa."

Kalunde alimtazama asimwelewe. Wakati huo wanawe wawili, waliozoea kula chochote walichokikuta, waliingia kwenye mtama na kuanza kukwanyua masuke mabichi. Nyamizi aliwakimbilia, akawapokonya.

"Tokeni! Huu ni wangu!"

Kalunde aliwashika wanawe mikono, akaondoka nao.

Asubuhi kundi lilihama bila kumuaga. Nyamizi aliwasikia wakipita, lakini hakuinua kichwa. Alikuwa akikata matawi ya miiba kujenga ua, akianzia upande walioingilia watoto.