Birika la Maabara

Mimi ndiye niliyewatangazia watu kwamba Profesa Mwalekwa alichelewa sherehe yake kwa maringo, na nilikosea.

Kule uani mkuu wa chuo alikuwa ameshika kipaza sauti, akieleza jinsi wanafizikia wa dunia nzima wanavyoinukuu makala ya profesa, ile ya chembe ndogo kuliko atomu ambayo sasa inaitwa kwa jina lake. Profesa mwenyewe alikuwa maabara na suti yake mpya, anatafuta chai. Akawasha birika la umeme. Kwenye skrini ya mtambo wa kupimia chembe, mstari ukaruka. Akazima, ukatulia. Akawasha tena, ukaruka kimo kilekile alichokichora kwenye makala. Akakumbuka kwamba miaka yote walipima huku wakinywa chai.

Dakta Rukia, mwanafunzi wake wa zamani, aliingia na shada la maua.

"Mwalimu, watu wanakungoja. Hata mama yangu kaja."

"Rukia, chembe yetu ni hili birika."

Rukia alicheka, akatazama skrini, akaacha kucheka. Udaktari wake aliupata kwa chembe hiyohiyo.

"Mabirika yamejaa madukani, mwalimu. Tutanunua jingine."

Alichomoa waya, akalisukumia birika kabatini, akafunga, ufunguo akautia mkobani. Kisha akamvisha mwalimu wake shada na kuanza kumnyoosha tai. Vigelegele viliingia dirishani.

Mvuke ulikuwa unapenya taratibu kwenye ufa wa mlango wa kabati.

"Nipe ufunguo, mwanangu," alisema profesa.