Ngedere na Mstari wa Majivu

Palikuwa na gereza lisilo na ukuta, mpaka wake mstari wa majivu tu. Ngedere, aliyefungwa kwa kuiba mahindi, alipewa shamba humo alime mahindi. Askari wake, Korongo, alisimama kwa mguu mmoja kutwa nzima.

Ngedere hakutulia. Alipalilia kidogo, akakimbilia mpakani, akarudi, akakimbilia tena.

"Afande, nikivuka utanifanya nini?"

"Nitaandika kwamba umevuka."

"Basi?"

"Basi."

Jibu hilo likazidi kumkosesha raha. Akaapa kutoroka mahindi yakikomaa.

Siku ilipofika, alikuwa keshainua mguu mpakani aliposikia mabua yakivunjika nyuma yake. Nduguze wa msituni walikuwa shambani, makwapa yamejaa mahindi.

"Wezi!" akapiga yowe, akawafukuza, wakavuka majivu wote mpaka ndani ya msitu.

"Ndugu yetu, si umeshatoka?" wakamwambia. "Kaa tule."

Ngedere akatazama alikotoka. Shamba halina mtu! Akarudi mbio.

"Umevuka," Korongo akasema, akitafuta kalamu.

"Utaandika baadaye, afande! Shika upande ule, watarudi hao!"