Doti ya Wake Wenza

Gari la misheni lilikuwa limeshafika mlangoni, na Mzee Yeremia bado anatania. Alikuwa amenunua doti moja ya kanga akaikata katikati, wake zake wawili wavae sare: kipande cha Bibi Salome, aliyekuwa anakwenda naye kuhubiri kwa miaka mitatu, na kipande cha mjukuu wao Ndeshi.

"Mke mdogo, usiolewe na wahuni kabla sijarudi."

"Naolewa kesho. Kibogoyo wa nini mimi?" Ndeshi alijibu, machozi yakimlengalenga.

Mama yake hakucheka. "Baba, tuachie mama. Kila siku anasahau jambo jipya."

"Tuliapa kanisani kwenda wawili," alisema mzee, bila kumtazama.

Ndeshi akajifunga kanga yake kiunoni, akamsogelea bibi yake kwa mbwembwe kama siku zote. "Mke mwenzangu! Unaniibia mume mchana kweupe?"

Jibu alilijua tangu utotoni: mchukue, anakoroma huyo! Akalisubiri.

Bibi Salome akatabasamu kwa adabu, kama mtu aliyepishana na mgeni njiani. Akaitoa kanga yake kwapani, akaikunja taratibu, akamwekea mikononi.

"Mwanangu, mimi nasafiri. Ukimwona mjukuu wangu Ndeshi, mpe hii. Mwambie nilimngoja sana."

Mzee Yeremia akamshika mkewe mkono, akampandisha garini. Dereva akapiga honi.

"Nitampa, bibi," alisema Ndeshi.

Vumbi lilipotulia alikuwa angali pale pale, kipande kimoja kiunoni, kingine kifuani, kikiwa bado na joto la kwapa la bibi.