Habari za Ijumaa

Simu ya ukutani ilipolia, Mama Seli alivua glavu zote mbili, ingawa moja ingetosha. Simu ile alipenda kuishika kwa mikono miwili.

"Hajambo huko?" mzee aliuliza, kama alivyouliza kila Ijumaa.

"Hajambo, baba. Ameshiba, yuko kwenye joto lake. Ila bado mkaidi. Hataki kwenda mlangoni."

Mzee alicheka kidogo. "Ukaidi huo kautoa kwangu."

Walikuwa wakisema habari za protini.

Mama Seli hakuwa mama wa mtu. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa maabara kwa sababu alizisemesha seli alizokuwa akizilea kwenye vichupa. Ndani ya seli hizo yalipandikizwa maelekezo yaliyonakiliwa kutoka kwenye damu ya mtoto mmoja mgonjwa, nazo zikawa zinatengeneza protini ile ile aliyozaliwa nayo. Kwa watu wenye afya, protini hiyo hukaa kwenye utando wa seli kama bawabu, ikivuta chakula cha ubongo na kukiingiza ndani. Ya mtoto yule ilijikunja vibaya, ikakwama katikati, isifike mlangoni. Ubongo ukashinda njaa. Mtoto hakuweza kusimama wala kutamka neno.

Kazi ya Mama Seli ilikuwa kujaribu dawa moja baada ya nyingine, aone ipi itaisukuma hadi mahali pake.

Siku aliyoanza kazi, mkuu wa maabara alimwambia akiwa tayari ameshika kitasa: "Ijumaa atapiga mzee mmoja, baba wa yule mtoto. Tumemruhusu. Usimwahidi kitu, mjibu tu kwa upole." Kisha akawahi mkutano.

Miaka ikapita. Chumba alichopanga Mama Seli kilikuwa na kiti kimoja, na hakuwahi kuhitaji cha pili. Dada yake alipiga simu mara chache, kila mara akiwa na haraka. Aliyemuuliza kama amekula, kama kile kikohozi kimepona, alikuwa mzee huyo peke yake.

"Na nyumbani kwako, baba?" naye alimuuliza.

"Nyumbani kimya, binti. Kimya tu."

Maneno hayo yalimchoma. Alimwona mtoto kwa mawazo, ameketi dirishani, macho yakimfuata baba yake huku na kule, mdomo haufunguki. Hakutaka kumchimba mzee zaidi. Akirudi kwenye vichupa vyake alizidisha bidii, huku akiziambia seli, "Jamani, mnatuchelewesha."

Asubuhi moja aliinamia darubini, akainuka, akafuta lenzi, akainama tena. Protini ilikuwa imetiwa alama inayong'aa kijani. Siku zote kijani hicho kilirundikana katikati ya seli kama taka zilizofagiliwa kwenye kona. Sasa kilikuwa kimejipanga pembeni, pete nyembamba kuzunguka kila seli.

Mkuu wa maabara aliitwa. Wakapima kama chakula kinaingia. Kilikuwa kinaingia. Mkuu aliketi sakafuni na koti lake jeupe, akawa anatikisa kichwa tu.

Ijumaa ilikuwa mbali mno. Kwa mara ya kwanza, Mama Seli ndiye aliyepiga.

"Baba, amefika mlangoni."

Upande wa pili kiti kiliburutwa. "Amefika mwenyewe?"

"Kwa dawa. Lakini amefika, na anafanya kazi."

"Ahsante kwa kumlea, binti. Kumbe aliweza."

"Naomba nije niwaone."

"Njoo," alisema. "Njoo tu."

Jumamosi alifika na kitabu cha picha za wanyama, kikubwa, cha kurasa ngumu ambazo mikono dhaifu ingeweza kuzifunua. Mzee alimfungulia akiwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likakakamaa. Sebule ilikuwa imefagiwa. Mezani palikuwa na vikombe viwili, na ukutani kiti kidogo cha magurudumu kilikuwa kimekunjwa, matairi yake safi.

Waliulizana safari, afya, mvua. Mama Seli alisubiri kuitwa chumbani. Alipoona haitwi, alikiweka kitabu magotini, akashusha sauti.

"Amelala? Nilitaka nimsalimie kabla sijaondoka."

Mzee alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ngeni.

"Alifariki kabla hujaanza kazi pale, binti," alisema. "Kilichobaki chake unacho wewe. Mimi nilikuwa napiga kumjulia hali."