Bastola ya Hatua Nane

Mwanamke alifyatua risasi sita, na ni moja tu iliyompata mtu wa karatasi. Ilimpata sikioni. Nyingine zilipita kushoto na kulia, na moja ikachimba ukuta juu kabisa, karibu na taa.

"Si nilikwambia," alisema muuzaji. "Hiyo ndogo inaruka kama panzi."

Muuzaji alijulikana kwa jina la Sajini, maana jeshini alitoka na cheo hicho na goti bovu. Dukani kwake hakuna mteja aliyeondoka na silaha kabla ya kuijaribu katika chumba kirefu cha nyuma. "Hata kiatu unakijaribu," alikuwa akiwaambia wanaolalamika.

Mwanamke aliilaza bastola mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai. Kila honi ilipolia barabarani, mabega yalimpanda. Sajini alishaona wengi wa namna hiyo. Hao hawaji kununua bastola, wanakuja kununua usingizi.

"Sasa shika hii kubwa. Mikono yote miwili. Usiibembeleze, ishike."

Akafyatua sita. Tano ziliingia kifuani, moja shingoni.

Sajini akapiga mluzi. "Umeona? Mtutu mrefu, uzito wa kutosha, mpini umejaza kiganja. Hii ina adabu. Ile fupi ni ya kuficha kiunoni. Wewe utatembea nayo?"

"Itakaa nyumbani."

"Basi tumemaliza. Chukua kubwa."

Mwanamke alikwenda hadi kwenye karatasi, akaingiza kidole katika tundu moja la kifuani, akakitoa upesi kama aliyegusa sufuria ya moto. Kisha akaanza kuyatazama matundu ya ukutani, yale ya bastola ndogo, moja baada ya jingine. Aliyatazama kwa muda mrefu.

"Binti yangu," Sajini alisema, safari hii kwa sauti ya chini, "unamwogopa nani?"

"Mtu."

"Ni mkubwa?"

"Akisimama mlangoni, mwanga hauingii."

Sajini akacheka, akaona mwenzake hacheki, akaacha.

"Mzee, na akiishika yeye?"

"Akikunyang'anya?"

"Akiishika."

"Akiishika hii kubwa, usiombe. Hata kipofu hakosi nayo." Sajini akaichukua ile ndogo, akaionyesha kiganjani. "Hii mwenye mikono mikubwa inamtesa kuliko inavyokutesa wewe. Vidole vinakosa pa kukaa. Anaibana kwa nguvu, mtutu unainama, risasi inakwenda inakotaka. Mpaka aizoee, atakuwa amepiga kuta nyingi. Lakini hiyo si sababu ya kuichagua. Mtu hanunui jembe kwa kumfikiria mwizi wa jembe."

"Kwa hatua nane?"

"Nane za wapi?"

"Kutoka kitandani hadi mlangoni. Nimezipima."

Sajini akakuna kidevu. Wateja wengi hawakujua hata funguo zao zilipo, na huyu kapima chumba kwa miguu. "Kwa hatua nane na hii ndogo, mtu asiyeizoea anacheza bahati nasibu."

"Na kama anayelengwa anakimbia?"

"Mwizi akikimbia, mwache aende zake."

"Lakini kama anakimbia, mzee."

"Basi hata mimi na jeshi langu lote tungekosa."

Mwanamke akavuta pumzi. Ilikuwa kama ndiyo ya kwanza tangu aingie.

"Nipe ndogo," alisema.

"Binti."

"Ndogo, mzee. Nakuomba."

"Miaka ishirini nauza vitu hivi. Woga ni mshauri mbaya. Siku huyo mtu atakapokuja, hutakuwa na nafasi ya kukosa."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungechukua ile."

Sikio la kufa halisikii dawa, alijisemea Sajini, akavaa miwani yake. Alikagua kibali cha mwanamke: picha ni yake, jina ni lake, muhuri wa polisi ni wa wiki ile. Hakikuwa na doa. Akaandika namba ya bastola kitabuni, akampa kalamu atie sahihi. Sahihi ilitoka imepinda, ikavuka mstari.

"Usije ukanilaumu," alisema, akimsogezea boksi.

"Sitakulaumu. Umenisaidia sana."

Mlangoni alisimama kidogo, akafuta viganja kwenye gauni. Kisha akatoka kwenye jua la saa saba na kuvuka barabara, boksi kalibana kifuani.

Gari lilikuwa likingoja upande wa pili, injini inaunguruma. Dereva alikuwa mumewe. Yeye mwenyewe asingeweza kuingia dukani. Polisi walishamnyima kibali mara mbili, tangu ile kesi ya kumvunja taya mke wa kwanza siku mke huyo alipotaka kuondoka.

Hakusalimia. Alilichukua boksi, akalifungua mapajani, akaishika bastola. Ikazama kiganjani, vidole viwili vikabaki hewani.

"Hiki nini? Nilikwambia nataka ile kubwa."

"Kubwa zimekwisha," alisema mkewe.