Gunia la Rais Grant

Haya nilihadithiwa na Watiri wa Wamagana, mwaka wa themanini na tatu, tukichambua njahi, yale maharagwe meusi, mbele ya nyumba yake. Alianza na gunia, kwa hivyo na mimi naanza na gunia.

Mwanawe Muriithi aliingia jikoni nalo kichwani, matundu mawili yamekatwa penye macho. Watiri akaangusha sufuria ya uji.

"Mama, ni mimi!" Muriithi akalivua akicheka. "Mbona umeshtuka hivyo?"

"Toa hiyo kitu nyumbani kwangu, baba."

Alimwita baba kwa sababu ndiye aliyekuwa baba yake. Kwetu mtoto wa kiume wa pili hupewa jina la baba ya mama, na hapo mzee huwa amerudi. Mzee Muriithi alichukuliwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni. Askari walipanga watu mstari, wakaleta mtu aliyefunikwa gunia. Huyo akitikisa kichwa mbele yako, umekwisha. Mbele ya mzee, Watiri akiwa kando yake, alitikisa. Mzee akapandishwa lori, na lori halikumrudisha.

Sasa ulikuwa mwaka uliofuata uhuru. Kanisa moja la Amerika lilikuwa limetoa nafasi moja ya chuo kikuu, na vijana wa Tetu waliitafuta mpaka wakabaki wawili: Muriithi, na Hezekiah wa ng'ambo ya mto. Jumapili wangesimama ukumbini wabishane ni rais yupi wa Amerika, katika ile karne ya nyuma, alikuwa mkuu kuliko wote. Mshindi angepanda ndege.

"Hezekiah atasema Lincoln," Muriithi akamwambia mama yake. "Kila mtu husema Lincoln. Mimi nitasema Grant."

"Huyo naye alifanya nini?"

"Huko kulikuwa na watu wa kufunika nyuso. Walikuwa wanatoa watu weusi kwa nyumba zao, wanawaua. Grant akawatumia jeshi. Nitavaa gunia hili mbele ya wazee, mama. Nani atasikia Lincoln tena? Lakini ni siri. Nimemwambia Wakonyo peke yake."

Wakonyo alikuwa mchumba wake. Mbuzi wa kwanza wa mahari walikuwa wamekwishapelekwa kwao.

"Na huko utakaa sana, baba?"

"Miaka minne. Labda sita."

Watiri akaokota sufuria, akapangusa uji sakafuni.

Jumamosi Muriithi alihutubia migomba kutwa nzima, mpaka sauti ikakauka. Wakonyo akaja kumpigia shati pasi. Watiri hakutaka kuliona lile gunia. Akachukua kiondo chake, akavuka mto kwenda kuomba mbegu za viazi.

Jumapili ukumbi ulijaa hadi madirishani. Vijana walisema kwa Kiingereza, na Mwalimu Simiyu akawageuzia wazazi kwa Kiswahili. Hezekiah alianza. Akamsifu Lincoln, watumwa wakafunguliwa, watu wakapiga makofi ya adabu. Kisha akatabasamu.

"Rafiki yangu Muriithi ana gunia kwa mkoba. Sasa hivi atalivaa, akohoe kama yule mtu wa gunia alivyokohoa kabla ya kutikisa kichwa, ili mlie mmpatie ndege. Lieni tu! Lakini mumuulize: kama Lincoln hangefungua watumwa, huyo Grant angemlinda nani?"

Mwalimu Simiyu alipomaliza kutafsiri, ukumbi ulipasuka kwa kicheko.

"Toa gunia tulione!" mzee mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Ama umebebea viazi?"

Muriithi akasimama. Mkono uliingia kwenye mkoba, ukakaa humo, ukatoka mtupu. Alitaja Grant, akataja jeshi, lakini kila aliposema neno mtu fulani alikohoa, na watu wakaanguka tena kwa kicheko. Hezekiah akapewa ndege.

Nje, Wakonyo alimkimbilia. Muriithi akarudi nyuma hatua moja.

"Ulimwambia lini?"

"Nani? Mimi?"

"Nilikuambia wewe peke yako."

"Muriithi, haki ya Mungu, sikufungua mdomo! Na hiyo ya kukohoa hukuniambia. Wewe mwenyewe ulikuwa unajua alikohoa?"

Muriithi hakujua. Lakini hasira haina masikio, na watu walikuwa wanaangalia.

"Mwambie baba yako afungulie mbuzi zetu. Nitazifuata leo."

Alizifuata kweli. Baba yake Wakonyo aliwafungulia, na Muriithi akawaswaga kwa barabara ile ile ya kutoka kanisani, kila mtu akiona. Wakonyo alisimama langoni kwao bila kulia. Mwaka uliofuata aliolewa mbali, Timau.

Jua lilikuwa halijazama Muriithi alipofika nyumbani. Mama yake alikuwa amempikia irio, akampakulia kwenye ile sahani ya wageni.

"Ni Wakonyo, mama. Yule niliyetaka kumleta hapa akusaidie kazi. Ameniuza."

"Kula, baba."

"Sitaki."

"Basi lala. Kesho kuna kahawa ya kuchuma."

Akajitupa kitandani na viatu vyake. Watiri akamvua kimoja, akamvua kingine, akakaa kando yake mpaka pumzi ikatulia. Kisha akalichukua lile gunia mkobani, akalitia motoni, akangoja liungue lote.

Kiondo chake kilikuwa bado kinaning'inia mlangoni vile alivyorudi nacho kutoka kwa kina Hezekiah, bila hata kiazi kimoja ndani.

"Hawatakubeba tena, baba," akamnong'oneza aliyelala. Akafunga mlango kwa komeo, na kwa mara ya kwanza tangu lile lori, Watiri akapata usingizi.